Kundi letu la waandishi hapa Mbeya: miaka mitatu ya kusomeana, kukosoana na kununiana

#1 Mtunza Daftari

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi, kila nikianza naona kama nawasema wenzangu. Wiki hii nimewaomba ruhusa na wamenipa, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu. Sawa.

Nina kiduka cha steshenari Mwanjelwa. Kuchapa barua, kudurufu vyeti, picha za pasipoti, mambo ya kawaida. Miaka mitatu iliyopita fundi cherehani wa jirani aliniletea kaunta buku, akataka nimchapie "kazi yake". Nikajua risala ya harusi. Kumbe ni hadithi, kurasa sitini na kitu, mwandiko umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nilimtoza kurasa kumi za kwanza. Zilizobaki nilichapa bure, maana nilishataka kujua yule binti anaolewa na nani.

Alipokuja kuchukua nikamwambia na mimi naandika. Sikuwahi kumwambia mtu. Yeye akasema ana mwalimu mstaafu anayemshonea magauni, naye ana mashairi ndani ya sanduku. Mwalimu akamleta jirani yake muuguzi. Muuguzi akamleta kijana wa bajaji anayemchukua zamu ya usiku. Leo tuko saba. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri, nikishafunga mlango nusu. Juni na Julai hakuna anayevua koti, mtu anasoma huku mvuke unamtoka mdomoni, na chai ya tangawizi inapoa kabla hujaimaliza.

Jina hatuna. Tulipoteza Jumamosi tatu tukilitafuta. Mmoja akataka Loleza, mwingine akasema Loleza tayari ni mlima na ni shule, inatosha. Wa tatu akaleta jina la maneno sita. Kwenye WhatsApp tumeandika "Jumamosi" tu, na ndilo lililobaki.

Kanuni tunazo mbili. Mwenye kazi anaisoma mwenyewe kwa sauti. Akimaliza, ananyamaza mpaka kila mtu aseme. Haruhusiwi kujibu, wala kusema "pale nilimaanisha". Hadithi ikishafika kwa msomaji Sumbawanga, wewe hutakuwepo kumfafanulia.

Ile ya kusoma kwa sauti nilidhani ni mbwembwe. Siyo. Sentensi mbovu unaijua kwa sababu ulimi unajikwaa pale pale kila mara. Na ukiinua macho unaona watu. Fundi akianza kukagua kucha zake, ujue hadithi imeshakata roho tangu aya iliyopita. Kijana wa bajaji yeye anagusa simu. Mwalimu hafanyi chochote, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa niwape kilichonifanya nianzishe uzi. Kazi zetu za mwanzo zote zilikuwa na bahari! Watu wa Mbeya, tunaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila hadithi ilianza na minazi, upepo mwanana na mawimbi yakibusu mchanga. Fundi maji mengi aliyowahi kuyaona ni Ziwa Nyasa, pale Matema, alikokwenda msibani. Mwalimu akamuuliza, "Huu upepo wa bahari kwenye ukurasa wa kwanza, unanukaje?" Fundi, kwa mujibu wa kanuni, hakutakiwa kujibu. Lakini hata angeruhusiwa, asingekuwa na la kusema.

Tulikuwa tunaandika vitabu tulivyosoma shuleni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuweka ukungu kwenye karatasi, au sakitu juu ya majani ya viazi, au harufu ya sweta lililokaushwa juu ya jiko la mkaa. Tuliona hivyo siyo vitu vya kuandikwa.

Nikipata muda baadaye nitaweka mfano wa kazi yangu mwenyewe, jinsi walivyoichana. Mteja ameingia.

#2 Kibatari

Nimekaa hapa na kahawa yangu. Shusha vitu mkuu, usitukatie njiani.

#3 Mnyalukolo wa Ipogolo

Kamwene dada. Nipo Iringa. Sisi tulikuwa na kundi kama lenu, tulikuwa tisa, likafa ndani ya mwaka mmoja. Unajua lilikufa na nini? Heshima. Kulikuwa na wazee wawili. Mzee akisoma, kila mtu "nzuri sana baba, hongera". Vijana wakisoma, wazee wanatoa nasaha za maisha. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba ukurasa wa pili haufai. Ikafika mahali mtu anakuja kupigiwa makofi na kurudi nyumbani. Mzee mmoja aliandika habari za Mkwawa, hadithi nzima ni tarehe: vita vya Lugalo 1891, Kalenga kuanguka 1894, kifo 1898, fuvu kurudi 1954. Hakuna mtu hata mmoja anayekula, anayekohoa wala anayeogopa. Nilitaka kumwambia. Sikuweza. Nitaanzaje kumwambia mtu niliyemwamkia shikamoo dakika kumi kabla?

Nyie mliwezaje?

#4 Jogoo la Shamba

Kwa maoni yangu uandishi ni kipaji. Unacho au huna. Makundi ni vijiwe vya chai tu, hakuna anayefundishwa kuandika Jumamosi saa tisa.

#5 Mtunza Daftari

Nimerudi.

@Mnyalukolo kamwene sana. Hilo la heshima na sisi lilitaka kutuua. Aliyetuokoa ni Mwalimu mwenyewe, na alifanya kwa makusudi. Jumamosi ya nne alileta shairi lake baya. Siyo la bahati mbaya, aliliteua! Alilitunga zamani kwa ajili ya mgeni rasmi wa mahafali, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho ni sifa. Akalisoma lote kwa sauti ya jukwaani, akaketi, akakunja mikono. "Haya. Nimenyamaza. Semeni."

Tulikaa kimya muda mrefu. Kijana wa bajaji ndiye aliyethubutu: "Shikamoo tena Mwalimu. Mimi nimechoka ubeti wa tatu." Mwalimu akaandika kwenye daftari lake: ubeti wa tatu. Basi. Tangu siku hiyo mlango ukafunguka. Shikamoo tunaitoa mlangoni, na tunaitoa kwa moyo, ila ukishakaa kitini karatasi haina umri. Yule mzee wenu wa Mkwawa mngeweza kumuuliza swali badala ya kumkosoa. Kwa mfano: asubuhi ile Kalenga ilipopigwa mizinga, ndani ya ngome walikuwa wanapika nini? Swali halimvunjii mtu heshima. Na akilijibu, hadithi imeanza.

@Jogoo, kipaji sibishi. Ila subiri nikuonyeshe kitu.

Hii ni aya yangu ya kwanza kabisa niliyosoma kundini. Inahusu mama yangu, alikuwa anatoa ndizi Tukuyu kuleta kuuza huku mjini:

"Mama aliamka alfajiri na mapema. Akavaa nguo zake. Akabeba ndizi zake. Akatoka nje. Mvua ilikuwa ikinyesha kubwa kana kwamba mbingu zimefunguka. Akatembea kwenye matope mazito. Machozi yakamtiririka akiwaza ugumu wa maisha."

Nilipomaliza kuisoma nilikuwa karibu kulia mwenyewe. Wao hawakulia.

Muuguzi, kwao ni Rungwe kama mimi, akasema: "Hiyo siyo mvua ya kwetu. Mvua ya Tukuyu haifungui mbingu. Inakaa." Kweli kabisa. Mnaofahamu Rungwe mnajua, ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, lakini nyingi ya asubuhi haina kishindo. Inanyunyiza tangu usiku, mpaka saa tano bado ipo, nawe umelowa hujui ulilowa saa ngapi. Ile mvua yangu ya mbingu nilikuwa nimeazima kwenye kitabu.

Fundi akasema: "Huyu mama halii." Hakueleza zaidi. Mtu wa maneno machache huyo.

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu (mazoea ya miaka thelathini na kitu ubaoni) akazungushia kila "aka" na "yaka". "Hiyo -ka- inasukuma," alisema. "Akavaa, akabeba, akatoka. Unamsukuma mama yako mgongoni kama askari. Mwache asimame mahali." Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka: "Alivaa nini miguuni?"

Nikanyamaza. Kwanza kanuni, pili nilijua jibu na sikutaka kulisema. Mama alikuwa anatembea pekupeku mpaka barabarani. Viatu alikuwa navyo, vizuri, vya kupendeza, lakini alivibeba kichwani ndani ya beseni juu ya ndizi, akavivaa akishapanda gari, ili afike Mbeya miguu safi. Mimi nikiwa darasa la tano nilikuwa naona aibu. Wanafunzi wenzangu wakiwa njiani nilijifanya simfahamu, naye alijua, akawa anapita upande wa pili wa barabara. Haya yote nilikuwa nayo. Kwenye aya yangu hayakuwepo, badala yake niliweka machozi.

Aya ilirudi kundini mara nne. Ya mwisho hii hapa:

"Mama alipanga vichane ndani ya beseni, akaujaribu uzito kwa goti. Nje ilikuwa mvua ile ya kwetu, isiyo na haraka, iliyoanza usiku tukiwa tumelala. Mlangoni alisita. Alivua viatu, akavipangusa kwa upande wa kanga, akaviweka juu ya ndizi, soli juu. 'Vitaharibika,' alisema, na ndiyo maneno pekee aliyosema mpaka barabarani. Mimi nilitembea nyuma yake hatua ishirini, kama mtoto wa mtu mwingine."

Hiyo "hatua ishirini" niliigombania. Kijana wa bajaji alitaka kumi. Nikasema ishirini, nilizihesabu.

Sasa @Jogoo, kipaji gani kingenikumbusha viatu? Niliulizwa na mtu.

#6 Jogoo la Shamba

Aya ya pili ni nzuri, nakubali. Lakini hata ya kwanza ungeirekebisha mwenyewe kadiri miaka inavyokwenda.

#7 Kibatari

Jogoo acha ubishi, dada kakupiga goli la wazi 😂

"Kama mtoto wa mtu mwingine" imenikalia vibaya. Nimempigia mama simu.

#8 Parachichi Mbichi

Njombe hapa. Naandika mashairi, na shida yangu ni vina na mizani. Nikifuata, nahisi namtumikia kina. Nikiacha, wakubwa wanasema siyo shairi ni maelezo. Kundini kwenu mnaamua vipi?

#9 Mtunza Daftari

@Parachichi, hilo limetupigisha kelele mpaka mlinzi wa usiku akaja kuchungulia. Hatujaamua. Mwalimu ni wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, bila hivyo hapokei. Mwanafunzi wa chuo tuliye naye anaandika mashairi huru. Wanavumiliana kama mke na mume waliozeeka.

Ila ngoja nikupe kisa cha kijana wa bajaji. Alileta ubeti huu:

Asubuhi ni baridi, vidole havikunjiki,
Nasubiri sina budi, abiria hawafiki,
Nikamuomba Wadudi, anipe yangu riziki.

Hesabu mizani, imetimia. Vina vimekaa. Mwalimu akatabasamu. Ndipo muuguzi akamuuliza, "Samahani mdogo wangu, huyu Wadudi ni nani?" Kijana kimya. Kijana ni mwimbaji wa kwaya, besi, mtoto wa Kimoravian kutoka Ilomba. Hajawahi kumwita Mungu Wadudi tangu azaliwe! Alilikuta kwenye mashairi ya Waswahili wa pwani, na kwao ni jina la heshima kubwa. Kwake lilikuwa -di tu.

Wiki iliyofuata akaja na mstari mpya:

Deni la juzi lazidi, bosi habembelezeki.

Nane kwa nane, -di na -ki ziko palepale, na safari hii ni yeye mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka hesabu ya siku kwa mwenye chombo anaujua mstari huo. Kwa hiyo jibu langu, si la kundi: kina kikikulazimisha kusema uongo, usikiache kina, endelea kutafuta. Neno la kweli lenye -di lipo mahali. Inaweza kuchukua wiki nzima, kijana alilipata akiwa foleni ya kujaza mafuta.

#10 Mnyalukolo wa Ipogolo

Swali lingine dada. Lugha za nyumbani mnazifanyaje? Mimi bibi yangu hakuwahi kuzungumza Kiswahili cha vitabu. Nikimwandikia "Hujambo mjukuu wangu mpendwa" namwona kaburini ananigeukia.

#11 Mtunza Daftari

Tunaacha neno kama lilivyo, bila mabano wala maelezo, ila sentensi za pembeni zilibebe. Kwenye hadithi ya muuguzi kuna bibi anapewa sukari robo, anaipokea kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anasema "Ndaga." Nani hatajua amesema asante? Mwanafunzi wa chuo alishauri iwekwe tafsiri chini ya ukurasa. Tukamzomea kwa upendo.

Kinachotushinda ni mazungumzo. Mtu wa Mwanjelwa akipandisha sauti haongei Kiswahili sanifu, na akiandikwa kwa Kiswahili sanifu anageuka mtangazaji wa taarifa ya habari. Ila ukizidisha lafudhi unamfanya kichekesho. Fundi ana sikio zuri la hili kuliko sisi sote. Nadhani ni kwa sababu wateja wanaongea akiwapima, naye yuko kimya na pini mdomoni.

#12 Kibatari

Kitabu mmeshatoa? Nataka kununua.

#13 Mtunza Daftari

Hapana. Mmoja wetu alishampa mtu wa uchapaji mjini (sitamtaja) fedha ya nakala mia mbili, akaletewa themanini, jalada limepinda, kurasa mbili zimerudiwa. Tukajifunza. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, siyo biashara ya mchapaji kukuuzia kama lulu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, unaomba. Hilo tungelijua mapema.

Wawili wameshapeleka miswada Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hii iliyoanzishwa 2022 na washindi wake hutangazwa Aprili 13, siku ya kuzaliwa Nyerere. Hawakushinda. Na niseme ukweli, ingawa tuzo naipenda na miswada isingemalizika bila tarehe ya mwisho: miezi ile ndiyo ilikuwa mibaya kundini. Watu waliacha kusoma kazi zao. "Bado naipika." Kila mtu anaficha sufuria. Tulikuwa tunakutana kunywa chai na kusifia hali ya hewa.

#14 Parachichi Mbichi

Umesema kwenye kichwa cha uzi "kununiana". Hilo hujatupa.

#15 Mtunza Daftari

Nilitumaini mmesahau. Haya.

Mwaka jana muuguzi alitusimulia jambo wakati wa chai, siyo wakati wa kusoma. Lilimhusu dada yake, usiku mmoja, mtoto mchanga, na gari lililochelewa. Alisimulia kama watu wanavyosimulia, kikombe mkononi, akaishia katikati akasema "basi tu". Miezi miwili baadaye kijana wa bajaji akasoma hadithi. Alibadilisha majina, alibadilisha wilaya, akaweka baba badala ya dada. Lakini ilikuwa ileile. Na iliandikwa vizuri, hicho ndicho kilichouma. Ni kazi bora kuliko zote alizowahi kuleta.

Alipomaliza, ikawa zamu ya kusema. Muuguzi akakunja shali yake, akachukua mkoba, akatoka. Hakurudi miezi minne. Kijana alimfuata kumwomba radhi mara mbili, akapokewa vizuri, akapewa chai, na hakuna kilichozungumzwa.

Tuligawanyika. Mwanafunzi wa chuo alisema hadithi ikishasemwa hadharani ni ya wote, ndivyo ngano zilivyoishi. Fundi akasema kitambaa cha mteja ukikikuta mezani siyo chako, hata kama unajua kukishona kuliko yeye. Mimi nilikuwa upande wa fundi, lakini si kwa moyo wote. Ningekuwa mimi ndiye niliyeisikia, sina hakika ningeiacha. Viatu vya mama nimewaandikia ninyi hapa, na mama sikumuuliza.

Kijana aliifuta hadithi yake. Hatukumwambia aifute.

#16 Mnyalukolo wa Ipogolo

Duh. Akarudi kweli?

#17 Mtunza Daftari

Alirudi Jumamosi moja ya Agosti, kuna baridi ya kukata, akakaa kiti chake kilekile karibu na mashine ya kudurufu kwa sababu ina joto. Hakusalimia kwa kirefu. Alikuwa na karatasi tano za mkono, zimekunjwa mara nne. Akasema, "Leo nasoma mimi."

Alisoma ule usiku. Kwake haukuwa na gari lililochelewa, gari liliwahi. Kilichochelewa ni yeye. Alikuwa zamu, simu iko kwenye koti, koti liko msumarini. Wakati ule wa chai hakutuambia hilo, na kijana asingeweza kulibuni.

Alipomaliza akanyamaza, kama kanuni inavyosema. Na sisi tukanyamaza, ambayo siyo kanuni. Nilisikia bajaji zikipita huko nje, na mtu anabishana bei ya nyanya. Kijana alikuwa ameinamia mikono yake. Ndiye aliyeanza kusema, bila kuinua uso: "Dada, hilo koti. Lilikuwa la rangi gani?"

Muuguzi alimtazama kwa muda. Kisha akavunja kanuni, akamjibu.

Wakuu niishie hapo, kuna mzee ananisubiri, anataka nakala tatu za kiwanja chake. Jumamosi hii ni zamu yangu na sina hata sentensi moja.